Mkuu, futa hiyo "tutakula tukishuka" kwenye ratiba yako ya Nikko

Mkuu simama hapo hapo. Umeuliza pa kula ukitoka Tokyo kwenda Nikko, Kamakura na Kawagoe kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ukiwa na wife na mama mkwe asiyegusa kitimoto, sawa, ila mimi nimekwama kwenye ule mstari wako wa "Nikko tutazunguka kwanza, msosi tutakula jioni tukishuka kutoka ziwani". Nani kakudanganya? Maana kuna jamaa wa YouTube alinidanganya hivyo hivyo, kaweka na video kabisa anatembea ile barabara ya kutoka stesheni kwenda mahekaluni anaonyesha migahawa kushoto kulia, eti hapa mtu hafi njaa, kumbe karekodi saa sita mchana. Saa sita mchana hata bibi yangu asiyeona vizuri angepata pa kula pale.

Sikia. Nikko ni mji wa wageni wa kuja na kuondoka. Hekalu la Toshogu linafungwa saa kumi na moja jioni, na kuanzia Novemba mpaka Machi saa kumi tu, watu wakishapanda treni kurudi Tokyo basi mji umelala. Sehemu nyingi za kula zinafungua saa tano asubuhi, oda ya mwisho saa nane au nane na nusu mchana, halafu mwenye duka anatoka, anachomoa lile pazia fupi la kitambaa la mlangoni na fimbo yake, anaingia nalo ndani. Pazia likiwa nje wanapika. Likishaingia ndani usihangaike kupiga hodi hata kama unawaona kupitia kioo wanakula wao.

Mimi nilienda msimu wa majani mekundu, na tumboni nina kahawa ya kopo tu. Toshogu mpaka mchana, nikasema nipande kwa basi mpaka juu mlimani, ziwa Chuzenji, kisha nile nikirudi. Bila foleni basi linachukua kama dakika 50. Ila barabara ile, Irohazaka, ina kona 48 ukijumlisha ya kupanda na ya kushuka, na vuli nusu ya Tokyo inakuja na magari yake hapo. Tulitambaa mpaka watoto waliokuwa ndani ya basi wakalala. Juu kule maporomoko ya Kegon, mita 97, mazuri sikatai, na pembeni kuna samaki wamechomekwa kwenye vijiti kuzunguka moto, ngozi imeshakauka na chumvi imeganda kwenye mapezi, harufu inakuita kwa jina lako la utotoni, na mimi napita! Napita kwa sababu yule bwege wa YouTube alisema juu ni bei ya watalii, kaleni mjini. Nikaenda kupanga foleni ya basi la kushuka, tumbo linaongea Kijapani fasaha kuliko mimi.

Kufika mjini giza. Mapazia yote ndani. Sehemu moja mama akafungua mlango nusu, akaweka mikono X mbele ya kifua, akainama kwa heshima zote, akafunga. Ile treni ya kasi niliyokata siti ikaondoka mimi bado nasaka wali, na hela ya siti ndio imeenda hivyo. Mwisho nikaingia mgahawa wa hoteli moja, usiku wana seti tu hakuna kuchagua, vibakuli vinakuja kimoja kimoja na kila kimoja ni kijiko kimoja, bili ikala bajeti yangu ya msosi ya karibu wiki nzima. Nilivipiga picha vyote ili angalau nipate likes. Yule wa YouTube nilimwandikia kwenye komenti, akanijibu na emoji ya kucheka.

Kwa hiyo: saa tano uko mezani. Unashuka treni, unakula, ndio uende mahekaluni. Agiza yuba, ule utando unaojitengeneza juu ya maziwa ya soya yakichemshwa, Nikko ndio sifa yao, wanakuwekea na tambi za soba. Karibu na stesheni ya treni za Tobu pale Nikko kuna vimaandazi vya yuba vya kukaanga, hivyo ni vya kuanzia tu visikudanganye. Na kabla ya kupanda treni pale stesheni ya Asakusa, Tokyo, pitia duka la Lawson au Seven-Eleven mbebe onigiri kadhaa za akiba, yale matonge ya wali yanayofungwa na mwani, nailoni yake ina namba 1, 2, 3, ifungue kwa mpangilio huo la sivyo mwani unabaki kwenye nailoni na wali unabaki mkononi. Takataka rudi nazo, mapipa ni ya kutafuta kwa tochi.

Kamakura sheria ni ile ile ya saa tano. Kule kula shirasu, dagaa wachanga juu ya wali, ila wabichi usiwatafute kuanzia Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, uvuvi wake unafungwa. Ufukweni usitoe chakula nje kabisa, mwewe wanashuka kwa nyuma wanakupora mkononi.

Kawagoe na la kitimoto nitarudi usiku, sasa hivi naingia shifti. Wewe nitumie kwanza saa ya treni yenu ya Nikko nione kama saa tano mtakuwa mmeshafika.