Kama Mungu anatuongoza, mbona boda imeibiwa?

SWALI: Shalom. Mwanangu wa miaka 8 ananiuliza, kama Mungu anatutunza mbona boda ya babake imeibiwa na sasa ni posho na maharage kila siku? Nimjibu nini? – Mama, Jinja

JIBU: Shalom mama, poleni sana. Usimwahidi eti mkiomba vizuri boda itarudi kesho, isiporudi atadhani Mungu hampendi. Msomee 1 Wafalme 17, polepole. Nabii Eliya alitumwa kwenye kijito cha Kerithi na Mungu mwenyewe, kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni, halafu kijito kikakauka! Hapo simama umuulize, je Mungu alikuwa amemwacha? Mwache afikirie, usimjibie, watoto wana majibu mazuri kweli tukiwapa nafasi. Kisha endeleeni hadi Sarepta kwa yule mjane ambaye unga wake haukuisha. Na usiku mkiomba mshukuruni Mungu kwa majirani waliowasaidia, watajeni kwa majina, maana mtoto wa umri huo anauona upendo wa Mungu kupitia watu, na yeye pia mtumeni apeleke hata maharage kidogo kwa mwenye shida.