Mume anageukia ukutani baada ya tendo

Dada yangu, unasema mumeo akimaliza tu anageukia ukutani na kulala, au anashika simu, nawe unabaki ukijiuliza kama bado anakupenda. Pole sana. Usingizi ule mara nyingi si dharau. Baada ya kilele mwili hutoa homoni ya prolaktini, na wanaume wengi huhisi uchovu. Lakini oksitosini, homoni inayosaidia kujenga ukaribu, huchochewa na kuguswa, kwa hiyo kukumbatiana hata dakika chache kuna uzito kweli. Mwambie mchana mkinywa chai, si usiku akisinzia: "Mume wangu, napenda unishike kidogo kabla hujalala." Simu zilale sebuleni. Nawe mpapase mgongo bila kudai maongezi marefu. Akiendelea kukukwepa, muulize kwa upole kinachomsumbua.