Feri Haijafika, Wewe Bado Unaeleza

*Hadithi yangu ya kubuni ya kisayansi inatokea Mombasa mwaka 2090. Nimeanza na kurasa 2 za historia ya jinsi bahari ilivyopanda. Rafiki zangu wanasema inachosha. Nifanyeje?* (Msomaji, Kisauni)

Wamekwambia kweli. Futa kurasa zote mbili. Mhariri ana lundo la hadithi mbele yake, hatangoja ukurasa wa tatu ndipo mtu wa kwanza afungue mdomo. Nionyeshe mama anayeteremka kivukoni Likoni alfajiri na beseni la mahamri kichwani. Amefika pale anaposimama kila siku, maji yako magotini, na hapana anayeshangaa. Abiria wamevua viatu na kuvining'iniza shingoni. Mwenye kukodisha mabuti ya mpira amepandisha bei, kwa sababu leo ni bamvua. Hapo nimeshajua bahari imepanda, nimejua watu wameizoea, na nimejua nani anafaidika.

Jambo ambalo hukuliuliza: ulimwengu wako una kanuni gani? Bahari ikipanda, chumvi huingia visimani kabla nyumba hazijazama. Sasa huko kwenu Kisauni, watu wa hadithi yako wanakunywa nini? Nasoma rasimu nyingi zenye vyombo vya anga vinavyotua bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni, na mwandishi hajajiuliza hata swali moja la namna hii. Keti nalo kabla ya kuandika rasimu ya pili.

*Jarida linataka maneno yasiyozidi 5,000. Yangu ni 7,000, lakini ni nzuri sana. Nitume?* (Msomaji, Tudor)

La.

*Hadithi yangu niliiweka Facebook, watu wakaipenda. Sasa nataka kuituma kwa jarida.* (Msomaji, Changamwe)

Swali hili limenijia mara nyingi mno, na kila mara kutoka kwa mtu ambaye hakufungua ukurasa wa maelekezo ya jarida lenyewe. Majarida mengi hununua haki ya kuwa wa kwanza kuchapisha. Ukishaitandaza hadithi hadharani, haki hiyo umeitumia mwenyewe, na wahariri wengi wataihesabu kuwa imeshachapishwa. Wape watu watatu unaowaamini waisome faraghani, inatosha. Na tafadhali, usiitume hadithi moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ila pale yote mawili yameruhusu.

*Nimeambiwa nitoe shilingi 2,000 ndipo hadithi yangu isomwe. Nilipe?* (Msomaji, Likoni)

Usilipe. Katika kazi hii pesa humfuata mwandishi. SFWA, chama cha waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi chenye makao Marekani, huhesabu malipo ya kitaaluma kuanzia senti 8 za dola kwa neno, yaani dola 240 kwa hadithi ya maneno 3,000. Majarida mengi hulipa chini ya hapo na si vibaya kuanzia huko, lakini kumlipa mtu akusomee ni jambo jingine kabisa.

Mkataba nao usome hadi nukta ya mwisho. Mimi niliwahi kutia sahihi kwa furaha ya kukubaliwa tu, nikaja kugundua hadithi ile siwezi kuichapisha tena popote. Inaniuma hadi leo. Tafuta mstari unaosema haki zitakurudia lini. Usipouona, uliza kwa maandishi.

*Akili unde inaweza kunisaidia kumalizia hadithi?* (Msomaji, Mikindani)

Februari 2023 Clarkesworld, jarida la hadithi za kisayansi, lililazimika kufunga mlango kwa muda kwa kufurikiwa na hadithi zilizotungwa na mashine. Wahariri wengi sasa hawazipokei kabisa. Hadithi usiyoweza kuimalizia mwenyewe haijaiva. Iweke kando mwezi mmoja, kisha uirudie.

*Kiswahili kinafaa kwa hadithi za sayari na anga?* (Msomaji, Majengo)

Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, alichapisha *Walenisi* mwaka 1995, akamfikisha Dzombo kwenye sayari nyingine kwa Kiswahili. Kwa hivyo lugha inatosha. Uhaba uko kwenye majarida. Mengi yanayolipa yanataka Kiingereza, na tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014, hupokea miswada ya vitabu, haipokei hadithi moja moja. Ushauri wangu: tunga kwa Kiswahili, kisha itafsiri mwenyewe. Ukitafsiri, usimfafanulie mgeni kila kitu. Kusi na kaskazi ziache zivume kwa majina yake, ataelewa akiona majahazi yamegeuka. Na rasimu ya Kiswahili usiitupe. Kusanya kumi, una kitabu.

*Nimetuma wiki 3 zilizopita, kimya. Nimwandikie mhariri?* (Msomaji, Bamburi)

Maelekezo yao yanasema siku ngapi? Kama ni 60, ngoja 60. Hadithi ya pili umefika wapi nayo?