Usiahirishe sampuli za rangi moja: mimi nilipoteza miezi 14

Simama hapo hapo. Umeuliza mambo matatu: ujifunze STED au PALM, zile mbinu za hadubini za kuona vitu vidogo mno ndani ya seli, baada ya uzamivu uende maabara inayounda hadubini au inayozitumia tu, na ubadilishe kamera au la. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoipenyeza katikati kana kwamba ni jambo dogo, kwamba umeshauriwa sampuli za rangi moja, yaani seli zenye rangi moja tu kati ya zile unazotumia, uzipige picha mwishoni, kabla ya kutuma makala. Sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, kwa kujiamini kule kule, na ilinigharimu miezi 14.

Nilikuwa nafuatilia protini mbili ndani ya seli hai, moja nikiwa nimeiunganisha na GFP, protini inayong'aa kijani, ya pili nikiwa nimeipaka rangi nyekundu iliyokuwa hafifu. Kwa kuwa vitu ndani ya seli hai havitulii, mtafiti aliyenitangulia maabara alinielekeza niwashe leza ya nanomita 488, inayoamsha kijani, na ya 561, inayoamsha nyekundu, kwa pamoja ili nisipoteze muda. Nilipouliza kama kijani hakitavuja hadi kwenye picha nyekundu, alicheka na kusema vichujio vya mwanga vya siku hizi havivuji. Hadi leo, nikimsikia mtu akitamka neno "havivuji", hutazama kwanza paa la nyumba yake.

Ukweli ni kwamba mwanga wa GFP una kilele karibu na nanomita 510, lakini mkia wake unaburuzika hadi kupita 600, pale pale kichujio chekundu kinapopokea. Hata zikivuja sehemu 5 tu katika kila 100, kijani kikiwa na nguvu mara 20 ya nyekundu, nusu ya mwanga unaouona kwenye picha nyekundu ni kijani kilichovaa nguo za kuazima. Nami nilikuwa nikipandisha usikivu wa kitambuzi ili nyekundu ionekane, na uvujaji ukapanda nao. Protini zikaonekana zinakaa pamoja katika kila kitone, kipimo cha Pearson, kinachoonyesha rangi mbili zinavyolingana, kikawa kizuri, msimamizi akafurahi, na nikachapisha bango la mkutano ambalo leo linafunika boksi la vifaa vibovu.

Mhakiki mmoja aliandika mstari mmoja tu: tuonyeshe seli zenye kijani peke yake. Nilizima taa, nikaweka seli ambazo hazikuwahi kuguswa na tone la rangi nyekundu, nikafungua chaneli nyekundu. Palikuwa giza. Nilipopandisha usikivu hadi kiwango changu cha kila siku, vitone vilijitokeza kimoja kimoja kando ya kiini, kwa umbo lile lile nililokuwa nimelichora kwenye bango. Niliitoa sahani nikasoma lebo mara tatu, nikiomba niwe nimechanganya.

Usiniambie kwamba programu itatenganisha rangi baadaye. Inaweza, ila lazima ijue kijani kinavuja kiasi gani kwa leza ile ile na usikivu ule ule, nami nilikuwa nikiubadilisha kila siku kadiri picha ilivyonipendeza. Nilirudia kila kitu nikiwasha leza kwa zamu, kwani ile ya 561 ikiwa peke yake huiamsha GFP kidogo mno, na sehemu kubwa ya urafiki wa protini zangu ikayeyuka.

STED au PALM? Yoyote. Mbinu zilizowapa Betzig, Hell na Moerner Nobel ya kemia mwaka 2014 huvuka kikomo cha takriban nanomita 200 cha hadubini ya mwanga ya kawaida, kilichotokana na kazi ya mwanafizikia Abbe ya mwaka 1873, lakini fotoni, yaani chembe ya mwanga, iliyoingia mlango usio wake haiulizwi kitambulisho, hivyo utapata uongo ule ule ukiwa na kingo kali zaidi. Betzig mwenyewe aliwahi kuacha utafiti akafanya kazi katika kampuni ya baba yake kabla ya kurudi na PALM. Nami niliifikiria njia hiyo. Tatizo ni kwamba baba yangu hana kampuni.

Kesho, kabla ya sahani yenye rangi mbili, weka sahani tatu: kijani pekee, nyekundu pekee, na isiyo na rangi yoyote, kwa sababu seli zenyewe nazo hung'aa. Ukishapanga usikivu, usiuguse hadi umalize, na urudie hivyo kila siku ya kupiga picha. Na huyo aliyekushauri usubiri hadi mwishoni, mwombe akuonyeshe picha zake za kijani pekee, zenye tarehe.