Flanji inavuja? Usiongeze nguvu, fungua uanze upya

Msomaji wa Mikindani ameniandikia: flanji ya pampu yake (kola ya chuma inayounganisha bomba kwa bolti), yenye bolti nane, inavuja upande mmoja, na kila akikaza hapo maji yanahamia upande wa pili. Ndugu yangu, weka spana chini. Mbano wako hauko sawa, na nguvu zaidi itaupindisha zaidi.

Fungua bolti zote. Pakingi, ile raba ya katikati ya flanji mbili, ikiwa imekwisha kubanwa usiirudishe, hata ikionekana nzima. Safisha nyuso mbili, uangalie mikwaruzo: unaotoka ndani kwenda nje ni mfereji wa maji. Grisi kwenye pakingi hapana, itateleza ikibanwa. Na mabomba yakutane yenyewe. Bolti si za kuvutia bomba lililopinda.

Flanji bapa ya chuma cha kutupwa inataka pakingi pana, inayofika ukingoni na yenye matundu ya bolti. Ukiweka ya pete, inayoishia ndani ya bolti, ukingo wa flanji unaning'inia, nawe unaweza kuupasua kwa kukaza.

Sasa bolti. Chumvi ya bahari kwetu Mtwara inakula uzi wa bolti haraka, hivyo nati isiyopanda kwa vidole itupe. Paka mafuta kwenye uzi na kwenye uso wa nati unaogusa flanji. Mafundi wengi wanalidharau hili, na linaniuma, kwa sababu karibu 90% ya nguvu ya spana huliwa na msuguano. Kama 10% tu ndiyo inayovuta bolti. Moja ikiwa kavu na jirani yake ina mafuta, spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, itasoma sawa lakini mbano utatofautiana sana.

Ziandike namba kwa chaki, 1 hadi 8, kwa kuzunguka. Zifunge kwa vidole, kisha kaza kwa mpangilio huu: 1, 5, 3, 7, 2, 6, 4, 8. Mara ya kwanza 30% ya kipimo cha kukaza cha mtengenezaji, ya pili 70%, ya tatu 100%. Halafu zunguka bolti kwa bolti kwa 100% hiyohiyo, mpaka isiwepo nati inayosogea. Mzunguko huu usiuruke kabisa: ukikaza bolti moja pakingi inabonyea, na jirani aliyekuwa imara analegea bila wewe kuona.

Subiri kwa muda wa saa nne pakingi itulie, uzunguke tena, ndipo ufungulie maji. Raba ikifura na kutokeza pembeni, umepitiliza, weka mpya. Ikiwa bado inavuja, zima pampu na utoe presha kabla hujashika spana.