Black Sabbath ndio waliotangulia

Hapana kaka, unasema hevi metali, yaani ule muziki wa roki wa magitaa mazito, ilianza na bendi ya Iron Maiden, lakini sivyo. Black Sabbath waliungana Birmingham, Uingereza, mwaka 1968, albamu ya kwanza ikatoka Februari 1970. Maiden walianza London 1975.

Na ule mlio mzito wa Sabbath una chanzo chake. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi, akafunga nyuzi nyembamba, baadaye akawa anazilegeza ili zisimsumbue kuzibana. Mimi napiga gitaa hapa Mwanga, Kigoma. Legeza nyuzi zote sauti ishuke hatua moja na nusu, halafu upige taratibu ule uzi mnene wa juu, utausikia mwenyewe ukinguruma hadi kifuani. Huku tumekuzwa na magitaa ya Kongo kutoka ng'ambo ya ziwa, ndiyo maana kazi safi ya nyuzi haituchoshi hata ikiwa na miaka 50.

Ila kama unazungumzia roki nzito kwa ujumla, Led Zeppelin na Deep Purple nao ni wa 1968. Hapo ubishi ni halali.