Tiketi ya lazima: lipa kwanza, lalamika baadaye

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kukataa tiketi ya usafiri iliyomo kwenye ada ya muhula huko Ujerumani, kwa kuwa bweni lako liko jirani na chuo na una baiskeli. Kwa sababu hiyo tu, hapana. Na usithubutu kulipa pungufu: hutasajiliwa muhula ujao, na kwa sisi tunaoishi kwa kibali cha masomo hilo ni balaa.

Hata mimi ilinikera. Lakini tiketi ya nchi nzima ya wanafunzi ilipoanza 2024 ilikuwa yuro 29.40 kwa mwezi, watu wengine wakilipa 49. Unafuu huo unatokana na kila mwanafunzi kuchangia, wa baiskeli naye. Nimewahi kutoka Cologne hadi Hamburg na kilo tano za unga wa sembe mapajani, kwa treni za mikoa pekee, bila kuongeza senti.

Kama una ulemavu au unakwenda kusoma nje muhula mzima, waulize AStA, serikali ya wanafunzi, kuhusu msamaha. Wahi, dirisha hufungwa mapema. Na ICE, treni ya mwendo kasi, usipande kwa tiketi hiyo. Faini yake utaikumbuka.